Omba Ng'ombe, Upewe Mbuzi

Sehemu ya Tisa

"Nimekubali," alisema Mzee Mhina.

Umesikia sawasawa, msomaji. Wiki nzima umenipigia kelele nikuambie mzee yule wa Kwedizinga, ambaye hajawahi kumkubalia jirani hata kijinga cha moto, amemjibu nini Filomena. Ndiyo hivyo. Amekubali.

Sasa mtazame Filomena. Badala ya kupiga vigelegele ameduwaa katikati ya uwanja, mdomo wazi, kama mtu aliyepanda basi la Arusha akashushwa Tanga.

"Umekubali nini, mjomba?" aliuliza.

"Hicho ulichoomba."

"Chote?"

"Chote. Mwaka mzima."

Mustapha, aliyekuwa amesimama nyuma kwa adabu zote za mchumba, alimvuta mshenga wake upindo wa kitenge.

"Mama Filo," alinong'ona, "hapa tumeyakanyaga."

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalifikia, ngoja nikuweke sawa.

Filomena ana meza ya vitenge Manundu, Korogwe. Mtu akisimama pale kuuliza njia ya kwenda stendi, anaondoka na doti mbili na njia ameisahau. Hakusomea popote. Kuwafanya watu waseme ndiyo amejifunza mezani, miaka ishirini, na siku hizi anaongezea na video za wataalamu anazozitazama kwenye simu akila mchana. Kila ujanja ameupa jina lake mwenyewe.

Mustapha ni fundi simu, kibanda chake kinatazamana na meza hiyo. Anampenda Yusra, naye Yusra anampenda. Tatizo ni mjomba. Katika ukoo wa akina Yusra baba anaweza kusema na mama anaweza kulia, lakini binti haolewi mpaka mjomba atamke. Na mjomba ndiye huyu Mzee Mhina, aliyekwisha kuwatimua washenga wawili wanaume na kanzu zao. Ndipo Mustapha akamwangukia Filomena.

Leo ni Alhamisi. Jumamosi wazee wa Sabiri, yule mwenye malori pale Segera, wanakuja kuchukua jibu la posa yao. Mama Yusra amesema wazi kwamba kaka yake akimtamkia Mustapha kabla ya hapo, Sabiri ageuze malori yake. Asipomtamkia, Yusra ni wa Sabiri.

Kwa hiyo Filomena alitumia ujanja wake mkubwa kuliko yote, ule anaouita omba ng'ombe upewe mbuzi. Unaanza na ombi zito la kutisha. Mtu anakataa. Akishakataa roho inamsuta kidogo, na hapo hapo unamshushia lile dogo ulilolitaka tangu mwanzo. Anakubali mbio mbio apate kupumua.

Ng'ombe wake alikuwa huyu: Mustapha ahamie kwa mzee mwaka mzima, ale hapo, alale hapo, alime, apimwe tabia, na baada ya mwaka ndipo mzee ajibu. Alijua atakataliwa. Mzee Mhina hapendi wageni, ukimaliza chai anakuletea viatu vyako. Mbuzi alikuwa anasubiri mfukoni: basi, mjomba, walau pokea posa tu.

Na mzee akamchukua ng'ombe mzima mzima.

"Mwanaisha!" aliita. "Tandika kile kitanda cha stoo. Tumepata mtu."

Kutoka jikoni alitokea mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mikono imejaa unga. Huyu ni binti wa marehemu dada ya mzee, kwa hiyo naye mpwa wake, na amelelewa hapo hapo. Aliachika miaka tisa iliyopita, na tangu hapo wanaume watano wamekuja kuposa wakaondoka wakikimbia ulimi wake.

Mwanaisha alimtazama Mustapha kuanzia kiatu hadi nywele.

"Huyu ndiye wa kulima?" aliuliza. "Mikono hiyo si ya kumenyea ndizi?"

Filomena alihisi jasho. Maisha yake yote amewashawishi watu wakubali. Leo, kwa mara ya kwanza, alitakiwa amshawishi mtu akatae alichokwisha kukikubali.

"Mjomba," alianza, "mimi ni mtu mkweli. Huyu kijana anakula sana."

"Mahindi yapo."

"Anakoroma."

"Hata mimi nakoroma. Tutaitikiana."

"Anaongea na simu usiku kucha."

"Huku mtandao hakuna mpaka upande juu ya kichuguu. Atazoea."

Mwanaisha alicheka hadi akashika mlango. Filomena akaona njia hiyo haiendi popote. Aliingiza mkono kwenye kikapu akatoa chupa ya asali, ile nyeusi ya Lushoto, akampa mzee kwa mikono miwili.

"Kabla hatujaendelea, mjomba, zawadi yako ndogo. Nilisahau kabisa."

Hakusahau chochote. Ujanja huu anauita onja kwanza. Muuza machungwa akikupa pande moja ulionje, umekwisha, huwezi kuondoka mikono mitupu. Mpe mtu kitu kabla hujamwomba kitu, na moyo wake utakuwa unakutafutia namna ya kulipa.

Mzee Mhina aliipokea asali, akaifungua, akainusa, macho yakamlegea.

"Mwanangu, umenifurahisha. Mwanaisha, mletee yule jogoo."

"Yupi?"

"Yule mkubwa."

Kabla Filomena hajafumba mdomo alikuwa amekumbatia jogoo mwekundu mzito, amefungwa miguu, anamtazama jicho kwa jicho. Chupa ya asali kwa jogoo! Sasa nani anamdai mwenzake fadhila? Filomena alihisi kitu kinamkaba ambacho kwa kawaida yeye ndiye huwakaba nacho wenzake.

Lakini hakuwa mtu wa kushindwa upesi.

"Mjomba, wazee wote wa Manundu wamemkubali Mustapha. Imamu amemkubali. Mwenyekiti wa mtaa amemkubali. Umebaki wewe tu."

"Kama wote hao wamemkubali," alisema mzee, "mimi mnanitakia nini?"

"Na kusema kweli anatakiwa. Kuna familia moja kule Mombo inamngojea kwa hamu. Ukichelewa, mjomba..."

"Kimbieni basi. Mtawakuta."

Jogoo akawika kwapani mwa Filomena.

Hapo ndipo Mzee Mhina alipovuta kigoda, akaketi, akafuta uso kwa kofia yake. Alikuwa anatabasamu, na watu wa Kwedizinga wanajua kwamba mzee huyu akitabasamu ushike vizuri ulichonacho.

"Mama Filomena, hujaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla sijachoka."

"Si mkulima, mjomba?"

"Nalima sasa. Zamani nilikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe. Miaka thelathini." Alinyoosha vidole vitatu, asije akasahau hesabu. "Wewe, nasikia, umewauzia vitenge watu waliokuja kuuliza njia. Mimi nimemuuzia ng'ombe wa jicho moja mtu aliyekuja kununua kuku. Akanishukuru."

Filomena, aliyekuwa anazungumza bila kituo tangu saa mbili asubuhi, alimhamishia jogoo kwapa la pili.

"Lakini nimekupenda," mzee akaendelea. "Una kipaji. Basi nikuonee huruma. Mwaka ni mrefu. Tuseme miezi sita."

"Mirefu, mjomba."

"Mitatu."

"Mjomba, Jumamosi ni keshokutwa!"

"Mwezi mmoja, na hapo nimejikata mwenyewe."

"Mjomba, nakuomba. Kwa ajili ya asali."

Mzee alitazama chini. Akashusha pumzi ndefu ya mtu anayenyang'anywa.

"Haya. Kwa ajili ya asali. Kuna kapande kale pale nyuma ya migomba. Kadogo tu. Akalime leo, akamalize, ale chakula hapo hapo pembeni ya shamba, na mimi leo hii hii natoa jibu langu mbele ya watu. Mnasemaje?"

"Tumekubali!" walisema Filomena na Mustapha kwa pamoja.

Msomaji, wewe umeshaona. Umeshajishika kichwa. Kutoka mwaka mzima hadi kapande nyuma ya migomba, na mtu anakubali mbio mbio apate kupumua! Lakini Filomena hakuona. Alimpiga Mustapha bega, akamkabidhi jembe, akamnong'oneza kwamba wameshinda.

Mustapha akatoa simu, akapanda juu ya kichuguu, akamtumia Yusra ujumbe: Mjomba amelegea. Nalima kidogo namaliza. Njoo.

Yusra yuko Handeni mjini, ana cherehani yake kwenye baraza la duka la vitambaa. Aliposoma ujumbe aliacha gauni la watu mkono mmoja umeshonwa, akaita bodaboda.

Huku nyuma Mustapha alikuwa analima. Nisimseme vibaya, alijitahidi. Mtu ambaye siku nzima hushika bisibisi nyembamba kama njiti alishika jembe la mpini wa mkwaju kwenye ardhi ambayo ilipata mvua moja tu tangu Januari. Baada ya mistari minne viganja vilivimba. Baada ya minane alivua shati. Mwanaisha alipita na ndoo ya maji, akasimama kidogo, akaendelea.

Mzee naye hakumwacha Filomena akae bure.

"Mwanangu, nisaidie kitu kidogo. Niitie Bibi Mashavu hapo jirani, aje tunywe chai."

Na jogoo wake kwapani, Filomena akaenda. Ungemkatalia vipi mtu aliyekupa jogoo?

"Ahsante. Na mkwewe, kama yupo. Na wale mafundi wanaoezeka pale, chai ipo nyingi. Na yule anayepita na baiskeli, mwite asogee."

Alikwenda mara nne. Kila mara lilikuwa jambo dogo, na kila mara alisema haya mjomba. Ilipofika saa saba watu kumi na mmoja walikuwa wameketi kwenye kivuli cha nyumba wakitazama upande wa migomba, na wote walikuwa wameletwa na Filomena mwenyewe.

Mustapha alipiga jembe la mwisho, akajitupa chini.

Mwanaisha akatoka jikoni. Alikuwa amejifunga kanga safi. Mkononi alikuwa na bakuli la ugali na kisamvu cha nazi, na juu yake kipande cha samaki. Alitembea taratibu mbele ya watu wote, akapiga goti pembeni ya shamba, akaliweka bakuli.

"Karibu," alisema.

"Ahsante dada yangu!" Mustapha hakungoja hata kunawa vizuri. Alikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Tonge la nne akainua kichwa, mdomo umejaa. "Dada, mkono wako mtamu."

Bibi Mashavu akapiga kigelegele.

Kilikuwa kirefu, cha mwanamke aliyekitunza miaka tisa. Mafundi wakaruka, wakaanza kupeana mikono. Yule wa baiskeli akapiga kengele.

"Jamani, kuna nini?" aliuliza Filomena, naye anacheka bila kujua anachekea nini.

"Si umetuita mwenyewe!" Bibi Mashavu alimkumbatia, na jogoo katikati. "Hongera mama, umetuletea mume! Mwanaisha wetu kaolewa!"

Jogoo alianguka chini, kamba ya miguu ikafunguka.

"Mwanaisha? Si Yusra?"

"Yusra wa nini? Lile ni shamba la nani?" Bibi Mashavu alimshangaa. "Kila binti wa ukoo huu amepimiwa kapande kake hapa, tangu enzi za bibi yao. Mwanamume anayemtaka binti analima kapande ka huyo binti. Binti akimkubali anampelekea chakula pembeni ya shamba, mbele za watu. Akila, maneno yamekwisha. Kale ni ka Mwanaisha. Amepeleka, kaka amekula. Tena kasifia."

Mustapha alibaki na tonge mkononi. Alilitazama. Alilirudisha bakulini polepole, akalisawazisha na kidole ili lionekane halikuguswa.

"Hilo halihesabiki," alisema Mwanaisha. "Umeshakula manne."

Na hapo, ee wapenzi wa visa, ndipo bodaboda ilipokata kona.

Yusra alishuka kabla haijasimama. Aliona watu. Akasikia jina la Mwanaisha. Akamwona Mustapha wake kifua wazi, amekaa chini, kisamvu kidevuni, na Mwanaisha kando yake na kanga safi. Bibi Mashavu, ambaye hajui kunyamaza, alimweleza yote kwa pumzi moja.

Wengi walidhani atalia. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kigoda cha mjomba wake, akapiga goti kama alivyofunzwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, nimekukosea nini?"

Tabasamu likamtoka Mzee Mhina. Alionekana mzee kweli. Alimtazama mpwa wake kwa uchungu ambao hakuwa ameuonyesha kwa mtu.

"Unaniuliza mimi? Unadhani naona raha kumchezea mtoto wa watu siku nzima juani?" Aliigonga fimbo yake chini. "Jumapili ulimlisha mwanamume pale, mbele ya macho yangu. Leo Alhamisi unaniletea mwingine na mshenga wa kunizungusha. Nikubali huyu, yule nimwambie nini? Kwamba mpwa wangu hana neno moja? Nikaona nimwondoe huyu kijana kwa njia ya kucheka, kuliko kukuaibisha wewe."

"Nilimlisha nani, mjomba?"

"Sabiri."

"Sabiri sijawahi kumpa hata maji!"

Mzee alinyoosha fimbo. Upande wa pili wa kichuguu palikuwa na kapande kengine, udongo umegeuzwa, mistari imenyooka.

"Kale ni kako. Alikalima Jumapili asubuhi. Ukampelekea wali na kuku. Ukapiga goti. Akala."

Yusra alikatazama kale kapande.

"Yule mwenye kofia ya pama?" aliuliza polepole. "Aliyeinama?"

"Huyo huyo."

"Mama aliniambia ni kibarua."

Fimbo ya mzee ilishuka taratibu.

"Tulikuja kukujulia hali," Yusra alisema, na sasa alikuwa anajisimulia mwenyewe. "Mama akaniomba nijifunge kanga mpya aliyoninunulia, niione kama inanikaa. Nikajifunga. Akaniomba nimsaidie kupakua. Nikapakua. Akasema miguu inamuuma, nimpelekee yule kibarua chakula, na nipige goti maana ni mtu mzima. Nikapeleka. Hakuinua hata uso." Alijishika kifuani. "Vyote vilikuwa vidogo, mjomba. Ningekataa kipi?"

Filomena, ambaye alikuwa anamfukuzia jogoo wake nyuma ya ghala, alisimama ghafla. Alikuwa amesikia kazi ya bingwa. Kanga, kisha kupakua, kisha bakuli, kila hatua fupi mno kwa mtu kuikataa, na mwisho wake ndoa.

"Samahani," alisema kwa heshima kubwa. "Mama yako anauza wapi?"

Jogoo akapita mbio kati ya miguu yake.

Mzee Mhina alikuwa ameinama. Dalali wa miaka thelathini, na dada yake wa tumbo moja amemuuzia ng'ombe wa jicho moja mchana kweupe. Hasira ilimpanda, na aibu juu ya hasira.

"Maryamu," alisema kwa sauti ya chini. Hilo ndilo jina la Mama Yusra. "Maryamu kanifanyia mimi hivi."

"Futa basi, mjomba!" Mustapha alipiga kelele. "Futa yote mawili!"

"Siwezi. Bakuli hafuti mjomba. Bakuli anarudisha aliyelipeleka, kwa kinywa chake, mbele ya aliyekula." Alimgeukia Mwanaisha. "Wewe unasemaje kuhusu hili lako?"

Mwanaisha aliokota bakuli, akalikung'uta, akalipeleka kiunoni bila haraka. Kijiji chote kilikuwa kinamngoja.

"Mimi sina haraka," alisema. "Yusra kwanza. Akirudisha lake, nami nitajua la kufanya na langu. Asiporudisha, huyu nabaki naye. Jembe analiweza kidogo."

Mustapha alimtazama Yusra kwa macho ya mtu anayezama.

"Sikia, mwanangu," mzee alimwambia Yusra. "Itabidi usimame mbele ya Sabiri, na mama yako akiwepo, useme hapana. Kabla wazee hawajapokelewa Jumamosi. Ukisema, mimi nitakuwa nyuma yako, na huyu fundi simu nitamtamkia mbele ya watu hawa hawa. Usiposema, mimi sina ninaloweza."

Inaonekana jambo jepesi, sivyo? Neno moja. Lakini Yusra alikuwa na miaka ishirini na sita na hakuwahi kumwambia mama yake hapana. Shule alichaguliwa na mama. Cherehani alichaguliwa na mama, wakati yeye alitaka uuguzi. Kila alipotaka kukataa mama alikuwa na ombi jingine dogo la kuanzia, na mwisho wa siku yeye ndiye aliyekuwa amechoka. Aliogopa. Nakuambia wazi, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu.

Simu yake ikaita.

Alitazama kioo. Filomena akamsogelea akamshika kiwiko.

"Ni mama."

"Pokea," alisema mzee. "Weka sauti kubwa."

Yusra alipanda juu ya kichuguu ili mtandao ushike. Watu wote wakasogea wakakizunguka.

"Yusra mwanangu!" Sauti ya Mama Yusra ilitoka tamu kama kawaida. "Uko wapi mama?"

"Shikamoo mama. Niko kwa mjomba."

"Marahaba. Hata mimi nimesikia. Basi vizuri sana. Mimi niko Segera hapa, ndiyo kwanza tunajiandaa kuondoka. Sabiri kajitolea kunileta, na wazee wameona Jumamosi ni mbali, waje leo leo. Sasa mwanangu, nina kaombi kamoja tu, kadogo."

Filomena alifumba macho. Alijua hata pumzi inavyovutwa kabla ya maneno hayo.

"Kaombi gani, mama?"

"Ile kanga mpya si unayo kwenye mkoba? Jifunge tu. Basi. Sikuombi kingine."

Kanga ilikuwemo. Yusra aliigusa kupitia kitambaa cha mkoba. Ni kanga tu, msomaji. Mtu anakataaje kujifunga kanga?

Alimtazama Mustapha, viganja vimepasuka. Alimtazama mjomba wake. Kisha akaikaza simu mkononi.

"Hapana, mama."

Bibi Mashavu aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Unasemaje?" sauti iliuliza kwenye simu.

"Nimesema hapana. Sijifungi. Na lile bakuli la Jumapili nalirudisha. Ukifika Segera... ukitoka Segera nitakwambia mbele ya Sabiri mwenyewe."

Ndani ya simu ililia honi ya lori, nzito, ndefu.

Papo hapo honi ile ile ikalia nyuma ya migomba.

Kuku walitawanyika. Mafundi wakageuka. Pua ya lori la bluu ilitokeza kwenye kona ya njia, vumbi likiwa bado linalifuata, na mlango wa mbele ukafunguliwa kabla halijasimama. Simu mkononi mwa Yusra ilikuwa imekatwa.

"Yusra," sauti ya mama yake iliita kutoka njiani, taratibu, bila simu. "Hebu rudia."